Kabla ya kutafuta picha, tafuta ukame

Kwa miezi mingi nilikodolea macho picha moja ya setilaiti, nikisaka mabaki ya majengo ya kale. Ilikuwa safi, haina hata wingu, shamba zima kijani kibichi, nami nikaamini nikiikuza vya kutosha ukuta uliofukiwa utajitokeza. Wapi! Ilikuwa imepigwa katikati ya msimu wa mvua.

Picha ya kawaida ya setilaiti haioni chini ya ardhi. Inaona kilichoota juu yake. Handaki la kale lililojaa udongo tifutifu hutunza maji, kwa hiyo mazao yaliyo juu yake hurefuka na kubaki kijani huku wenzake wakinyauka. Juu ya msingi wa mawe ni kinyume: udongo ni haba, mizizi inagota, mmea unadumaa na kugeuka njano mapema. Mvua ikiwa tele, mimea yote hushiba sawasawa na tofauti inapotea. Ndiyo maana kiangazi kikali cha 2018 kiliibua mengi Ulaya. Julai mwaka huo, karibu na Newgrange, kaburi la kale huko Ayalandi, duara kubwa ambalo hakuna aliyelijua lilichomoza shambani likanaswa na droni.

Kwa hiyo siku hizi naanza na rekodi za mvua, natafuta wiki kavu kabla ya mavuno, ndipo nashusha picha. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, inatosha kuanzia: picha zake ni bure, na hupita mahali pamoja kila baada ya siku 5 hivi. Tazama mkanda wa infraredi ya karibu, yaani mwanga ambao jicho haliuoni, maana mmea wenye kiu hujionyesha hapo kabla jicho halijagundua. Ila pikseli yake, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10 ardhini. Barabara ya kale au handaki pana utaliona, ukuta wa nyumba sahau. Picha ninazozipenda zaidi ni za CORONA, setilaiti za kijasusi za Marekani za 1960 hadi 1972, zilizoanza kufunguliwa kwa umma mwaka 1995. Zinaonyesha mabonde kabla hayajafunikwa na mabwawa.

Halafu jitilie shaka. Mstatili wangu wa kwanza, niliokwisha kuuita hekalu, ulikuwa zizi: picha ya miaka michache nyuma ilionyesha uzio na ng'ombe wenyewe. Hata wabobezi huteleza. Point Rosee, Kanada, ilionekana kwenye picha kama makazi ya Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia. Uchimbaji wa 2015 na 2016 haukuthibitisha hilo.

Na ukipata kitu, wapelekee wanaakiolojia wa mahali hapo, usibandike koordinati mtandaoni. Mimi nilizibandika mara moja kwa furaha. Nilizifuta baada ya mtaalamu mmoja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nadhani waporaji hawana intaneti.