Mafuta Hayamwagwi, Yanaongezwa

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, vyakula vya barabarani Nairobi vina mafuta kupita kiasi?" Nililisoma swali nikiwa ndani ya matatu pale Muthurwa, mkononi nina viazi karai viwili, nikaona kama mmenichungulia. Jibu langu lilikuwa tayari: waacheni kina mama wetu. Kwani chipsi za hoteli kubwa zinakaangwa kwa maji?

Ila mimi ningeliuliza hivi: mafuta hayo ni ya lini?

Mwaka 2011 nilikuwa kibarua wa kupakia mizigo Industrial Area, upande wa Lunga Lunga. Saa nne tulikula kwa mama mmoja aliyekaanga kando ya geti, chini ya mwavuli. Sote tulimwita Mathe. Kiazi kimechemshwa, anakichovya kwenye uji wa unga wa ngano wenye rangi ya manjano, anakitumbukiza karaini. Shilingi tano kimoja, na pilipili ya ukwaju juu.

Siku moja ya Aprili mvua ikatushukia ghafla. Mwavuli ukapinduka, wateja wakatawanyika. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimelipa na sijapewa. Matone yakaanza kuingia karaini, mafuta yakaruka pa! pa! Mathe akanipigia kelele: "Kijana, makaa wacha yazime, funika mafuta!" Nikashika sinia nikafunika. Kovu la tone moja bado ninalo hapa karibu na saa.

Mvua ilipokatika akafunua, ndipo nikayaona vizuri. Meusi kama strungi (chai isiyo na maziwa) iliyosahauliwa jikoni, mazito, pembeni yana povu dogodogo. Akayachuja kwa kichungi cha chai, akamimina mafuta mapya ya kupima kutoka kwenye chupa ya soda, kama vikombe viwili, akapepea moto. Nikamwuliza, hayo ya zamani unamwaga lini?

"Mafuta hayamwagwi, kijana. Yanaongezwa."

Akatumbukiza viazi kabla makaa hayajashika. Mafuta yakiwa vuguvugu, unga haukauki upesi, unayanywa tu. Akanifungia kwenye gazeti. Nikifika kwenye lori, karatasi imelowa mpaka inaonyesha upande wa pili: nasoma tangazo la kifo na matokeo ya mpira kwa pamoja. Nikala vyote. Vilikuwa vitamu, sitawadanganya.

Sasa, gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Kiazi kibichi hakina mafuta ya kutajika. Kikishakuwa chipsi, gramu 100 zinaweza kubeba gramu 15 hivi. Mtu anayebeba magunia hadi saa kumi na moja anazihitaji kalori hizo, tena kwa bei ile. Na mafuta yakipanda bei dukani, Mathe hawezi kupandisha kiazi, maana mteja ana mbao tu (shilingi ishirini) mfukoni. Atakachofanya ni kuyakaangia siku mbili zaidi. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Lakini siku hizi nauza spea. Kazi yangu nzito kuliko zote ni kuinuka kwenye stuli kuchukua plagi. Viazi ni vilevile, mwili ndio uliobadilika.

Basi andikeni kwamba nimesema ndiyo, ni mengi, ingawa nilianza kwa kuwatetea. Nikiwa na akili zangu nanunua yai boilo na kachumbari (yai moja lina gramu 5 hivi za mafuta, na protini 6), au mahindi choma yenye ndimu. Kijana wangu nimemwambia atazame karai kabla hajatoa pesa: mafuta yakiwa meusi na yanatoa moshi, apite.

Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, siuhesabu humo. Mutura inachomwa, mafuta yanadondokea makaani, na kama kuna mtaalamu mwenye habari nyingine, naomba asiniandikie kabla ya Jumamosi.

Msomaji wenu,
Umoja