Swali la Lugha: Pingu, Mkatale au Kongwa?

Msomaji wetu wa Mikindani, ambaye hutembeza wageni katika mitaa ya kale ya mji huo, anauliza: “Ninapoeleza habari za biashara ya utumwa husema kwamba mateka walitiwa pingu shingoni, lakini mwenzangu hushikilia kwamba walitiwa mkatale. Nani kati yetu asemaye sawasawa?”

Ikiwa mnaeleza misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa na kushukia Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani katika karne ya 19, basi hakuna kati yenu aliyelenga, ingawa maneno yote mawili ni Kiswahili safi. Neno mnalolitafuta ni kongwa. Kongwa ni mti mzito wenye panda. Shingo ya mateka hupachikwa ndani ya panda, ncha zake mbili zikafungwa kwa kijiti au kwa msumari wa chuma, na mkia wa mti huo, ambao huweza kukaribia mita mbili, hufungwa kwenye kongwa la mwenziwe au hushikwa na mlinzi. Aliyetiwa kongwa aliweza kutembea, lakini kukimbilia msituni akiwa na mti wa namna hiyo shingoni lilikuwa jambo lisilowezekana.

Mkatale ni gogo, au mbao mbili zilizobanwa pamoja, lenye matundu ya kuingizia miguu. Wasomaji wa Biblia wamekutana nalo katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, Paulo na Sila walipotiwa gerezani. Mwenzako, kwa hiyo, anawatembeza watu mamia ya kilomita ndani ya kifaa kilichotengenezwa ili wasiondoke walipo!

Pingu nazo ni za mikononi au miguuni. Watu wakiunganishwa shingo kwa shingo kwa chuma, semeni mnyororo, na hilo ndilo neno lifaalo mnapoonyesha picha za wafungwa wa enzi ya ukoloni wa Kijerumani, wakiwemo wale wa Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kusema kwamba hao walitiwa makongwa ni kuchanganya enzi mbili.

Kuhusu ngeli, kongwa wingi wake ni makongwa, mkatale ni mikatale na mnyororo ni minyororo, ilhali pingu haibadiliki: pingu hii, pingu hizi. “Mapingu” tuyaache.