Mbetula: anza na gome, maji yake yatasubiri

Ukiishi Finland hata mwaka mmoja, mbetula utaujua upende usipende. Ndio ule mti wa gome jeupe lenye mabaka meusi. Wenyewe huuita koivu, na tangu 1988 ndio mti wao wa taifa. Wageni kutoka nyumbani huniuliza kwanza habari za maji yake matamu, kwa vile wameona video. Mimi huwaambia waanze na gome.

Tabaka la nje la gome, tuohi, lina mafuta ya asili na hushika moto hata likiwa limelowa. Chukua kipande chembamba, kikwarue kwa mgongo wa kisu mpaka upate unga laini, kisha uwashe. Hata cheche ya kijiti cha chuma cha kuwashia moto inatosha. Tandaza unga juu ya kipande kingine cha gome ili upepo usiupeperushe, na vijiti vyako viwe tayari kando, maana gome huwaka kwa fujo na kuisha upesi. Moshi wake ni mweusi na wa masizi, kwa hiyo sufuria ya kuazima isubiri kuni zishike.

Gome lenyewe usilibandue kwenye mti uliosimama. Ukijeruhi tabaka la ndani, mti unaweza kufa, na hata ukipona hubaki na kovu jeusi miaka mingi. Isitoshe, sheria ya huku inakuruhusu kuchuma matunda ya porini na uyoga bila kumuuliza mtu, lakini gome, matawi, majani na maji ya mti ni mali ya mwenye shamba. Mti ulioanguka nao ni wake. Bandua gome kwenye kuni za kununua. Karibu kila kituo cha mafuta wanauza. Kwenye hifadhi za taifa, sehemu nyingi za kuwashia moto zina kibanda cha kuni za bure. Ila kukiwa na tahadhari ya moto wa msituni, usiwashe moto wa wazi.

Sasa hayo maji. Hutoka Aprili theluji ikiyeyuka, kabla majani hayajachipua. Mwenye shamba akikubali, toboa tundu lenye kina cha sentimita chache, likielekea juu kidogo, chomeka mrija wa mpira na ukinge ndoo. Mti mmoja mkubwa unaweza kukupa lita kadhaa kwa siku. Lakini anayetarajia madafu atasikitika: ni maji yenye utamu wa mbali sana, na shira lita moja hudai takriban lita 100 za kuchemsha. Kunywa yakiwa mapya au yaweke kwenye friji, maana huchacha ndani ya siku chache.

Pakuri, ule uyoga mweusi kama mkaa unaoota kwenye shina la mbetula na ambao wengine huuchemsha kama chai, siusifii. Mwenye ugonjwa wa figo asiuguse kabisa.

Kitu ninachokipenda kupita vyote ni vihta, fungu la matawi mabichi la kujipigia mwilini ndani ya sauna. Yakate karibu na Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi mwezi Juni, majani yakiwa yamekomaa, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Elekeza upande laini wa majani nje na ufunge kwa nguvu. Yanayobaki tia kwenye mfuko, weka kwenye friza, na Desemba uyaloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache kabla ya kuingia.