Kwa madogo mnaoenda kubeba mizigo ya watalii mlima Kilimanjaro mara ya kwanza

Kila msimu nawaona pale geti la Machame, mmekuja na raba za kanisani na kibegi kidogo, mnasema ni siku sita tu za kubeba na kubeba mmeshabeba sana, matofali, magunia ya mahindi, nini. Mi nilikuwa hivyohivyo, afu nikaenda na jinzi. Mvua ilitupiga msitu mzima, kesho yake nikapanda kempu ya Shira nayo ikiwa mbichi, usiku nikaitundika kwenye kamba ya hema na asubuhi ilikuwa imekaza kama ubao, ukiigonga inalia ko ko. Huo usiku nilijifunga gunia na bado meno yanagongana mpaka mpishi akanionea huruma akaniita hema la jikoni niote moto. Kuota tu lakini, msije mkalala na jiko linawaka ndani ya hema mmefunga zipu, ile hewa inaua na huisikii hata harufu.

Kwa hiyo nguo kwanza. Seti moja ya kutembelea, moja ya kulalia, na ya kulalia iko ndani ya nailoni mbili na haitoki mchana hata iweje. Asubuhi utavaa ile iliyolowa, utatukana dakika kumi hivi, ukishatembea mwili unapata moto. Ukivaa ile kavu sababu umesikia baridi, jioni huna kitu.

Mzigo wa kampuni mwisho kilo 20, vitu vyako ni pembeni. Getini unapimwa sawa, ila kuna wajanja wakishapita mizani wanakuongezea mtungi au viti, kampuni moja niliyofanya nayo ndo ilikuwa mtindo wao, na mi kimya sababu nilikuwa mgeni nataka niitwe tena. Nilikosea. Unyanyue mzigo kabla ya mizani, unyanyue tena baada ya mizani, ukisikia tofauti sema hapohapo getini, ukishafika kempu nani atakusikiliza. Kata ya kuwekea mzigo kichwani tengeneza nene, na pale ukuta wa Barranco hakikisha mzigo umefungwa vizuri usicheze, kuna sehemu unahitaji mikono yote miwili.

Maji. Jina Barafu lisikudanganye, pale kempu hakuna maji ya kuchota, ya mwisho ni mtoni Karanga na ndiko yanakobebwa, yaani kuna siku utapanda na mzigo afu utarudishwa kuchota. Wengi wakiona hivyo wanajibania, hawanywi ili wageni yawatoshe. We kunywa, na kula hata kama ugali haupiti.

Sasa hili ndo linaniuma zaidi. Mtu anasema mi mtoto wa Kibosho, mlima nauona toka nazaliwa, utaniumizaje? Kuuona sio kuuzoea bwana, Moshi mjini ni kama mita 900, Barafu imepita 4,600, na ukipanda haraka mwili hauulizi kabila wala hauulizi kama wewe ni mgeni au mgumu. Kichwa kuuma kidogo kinamshika karibu kila mtu, hicho unakisema, unapumzika, unakunywa maji. Ila ukianza kuyumba kama mlevi, au unahema umekaa tu, au kifua kinakoroma, hapo ni kushuka saa hiyohiyo hata kama ni usiku, na mtu wa kukusindikiza, usishuke peke yako. Mi niliwahi kuficha Barafu, natapika nyuma ya jiwe afu narudi nacheka na wenzangu, naogopa gaidi, yaani kiongozi wa safari, atanikata malipo ya siku. Mwenzangu mmoja aliniona nafunga kamba ya kiatu mara tatu nashindwa, akaenda kusema. Nilinuna sana, nikashushwa. Kufika Mweka kempu, mita 3,100 hivi, kichwa kimeachia chenyewe na nikala sahani mbili.

Tip ikitoka isomwe mbele ya watu wote, kila mtu asikie chake, msikubali ya kunong'onezana kwenye gari.

Na kateni kucha za miguu kabla hamjatoka nyumbani. Kupanda hutaona shida yoyote, ila ile siku ya kushuka kutoka Barafu na mzigo kichwani, vidole vinagonga mbele ya kiatu kila hatua, utanikumbuka.