Mtoto anauliza baba atarudi lini na mama yuko edani

Dada angu pole sana, Mungu amrehemu mumeo. Nimekufahamu, mtoto ana miaka sita, mlimwambia baba kasafiri na sasa kila boti ikija kutoka Dar anataka apelekwe bandarini. Hilo la safari liacheni leo leo maana akija kusikia chuoni (madrasa) kwa wenzake ndo itamuuma zaidi na wewe hatokuamini tena. Mwambie wazi baba kafa, mwili haupumui hausikii maumivu, harudi, ila tunamuombea dua. Usimwambie "kalala", wengine huogopa hata kwenda kulala wenyewe. Atauliza tena na tena, mjibu vilevile. Mjomba ake amchukue makaburini akaone, na siku ya hitma (kisomo cha kumuombea marehemu) mpe kazi hata ya kugawa tende, watoto wetu tunawafukuza mno msibani (mie silipendi hilo).

Kulia na kukojoa kitandani siku za mwanzo si ajabu. Ila asipokula, asipolala wiki kadhaa au akisema anataka kumfata baba ake, mpeleke hospitali, hata Kidongo Chekundu, hospitali ya akili hapa Zanzibar, wacha watu waseme. Eda, huku kukaa ndani kwa mjane, ni miezi 4 na siku 10, usingoje iishe, matibabu ni dharura, kama una wasiwasi muulize shekhe wenu au shangazi ake ampeleke.