Laptopu Yako, Funguo Anazo Fundi

Maswali yamejaa tangu mwezi uanze, na mengi yana mzizi mmoja: kompyuta iko sebuleni kwako, lakini mwenye amri juu yake ni mtu mwingine. Nimeyafupisha. Nayajibu nikiwa nimejifunga blanketi, maana baridi ya Juni hapa Mbeya haina utani.

"Mimi ni mwalimu mstaafu, Mafinga. Laptopu yangu ya Windows 10 inaniletea ujumbe kwamba huduma imekwisha. Fundi amesema niitupe ninunue nyingine. Ni Core i5, RAM ya GB 4."

Shikamoo mwalimu. Usitupe kitu.

Ni kweli, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mashine haikufa siku ile. Kilichotokea ni kwamba ukuta ukipata ufa mpya, hakuna anayekuja kuuziba. Mwezi wa kwanza huoni tofauti yoyote, na hapo ndipo watu hujisahau. Nyufa zinaongezeka, wezi nao wanazihesabu.

Pumzi ya kwanza ipo. Microsoft imeongeza muda kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Fungua Settings, ingia Windows Update, utaona kiungo cha kujiandikisha. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako itunzwe mtandaoni, hulipi. Kiungo kisipoonekana, huenda Windows 10 yako ni toleo la zamani; isasishe kwanza ifike 22H2. Lakini hiyo ni pumzi tu, Oktoba si mbali.

Kuhusu Windows 11, soma namba ya prosesa yako, yaani ule ubongo wa kompyuta. Bofya kulia kitufe cha Start, chagua System. Ukiona kitu kama i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kama yako ni kizazi cha 6 au 7, haimo. Kuna mafundi wanaoilazimisha ikaingia, na kweli inaingia. Ila Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayafuata.

Ningekuwa mimi, ningejaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Ni ya bure. Faili lake lina takribani GB 3, kwa hiyo lipakuliwe penye waifai ya mtu mkarimu. Linaandikwa kwenye flashi ya GB 8, unawasha laptopu kutoka kwenye flashi hiyo, na unaiona Linux yote ikifanya kazi bila kugusa diski yako. Ukiikataa, unazima, unachomoa, Windows yako iko palepale. Jaribu humo printa yako, waifai, na nyaraka zako za Word. LibreOffice, programu ya nyaraka iliyomo humo, inazifungua, ingawa jedwali lenye mbwembwe nyingi huweza kuhama kidogo. Usichopata ni programu zilizotengenezwa kwa Windows peke yake. Kama una programu ya hesabu unayoitegemea, uliza kwanza.

Na kama bado ina diski ile ya kuzunguka, ibadilishe uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Sijaona kitu kingine kinachoamsha laptopu nzito namna hiyo. Kabla ya lolote kati ya haya, nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje. Usimwachie fundi akunakilie, nakili mwenyewe, halafu uzifungue uone kama zinafunguka.

"Nikiwasha hotspoti ya simu ili nitume barua pepe moja kwenye laptopu, bando la wiki linaisha kwa nusu saa. Nani analila? Dada wa Uyole."

Windows yenyewe, dada. Ikiona waifai haijui kama ni bando la simu au mtandao wa ofisini, inaanza kujishushia masasisho. Ingia Settings, kisha Network & internet, kisha Wi-Fi, bofya jina la simu yako, washa palipoandikwa Metered connection. Hapo inatulia. Angalia na OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft, pale chini kulia penye wingu. Kama inapandisha picha zako zote za harusi mtandaoni, isimamishe. Halafu tafuta Delivery Optimization, uhakikishe hairuhusu kompyuta za watu wengine mtandaoni kuchota masasisho kutoka kwako.

Ila usiifungie daima. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Chagua siku moja baada ya hapo, nunua bando la usiku, iache ishushe. Virusi vya WannaCry vilivyofunga kompyuta za hospitali Uingereza Mei 2017 vilipitia tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi walikuwa hawajakiweka.

"Nina duka la jumla Makambako. Laptopu nilinunua mpya mwaka jana. Juzi fundi ameisasisha kitu kinaitwa BIOS, sasa ikiwaka inaniomba namba 48. Hesabu za duka zote zimo humo!"

Kamwene, mzee wangu. Kaa chini kwanza, na usimruhusu mtu yeyote apige Windows upya kabla hujamaliza kusoma hapa.

Laptopu nyingi za siku hizi zinafunga diski kwa fumbo zenyewe, bila kukuuliza. Ni jambo zuri: mwizi akiiba laptopu stendi, hawezi kuchomoa diski akasoma madeni ya wateja wako. Mfumo huo unaijua mashine yake. BIOS, ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows, ikibadilishwa, mfumo unashtuka, unadhani diski imehamishiwa kwa mgeni, unadai ufunguo wa akiba. Ufunguo huo ndio hizo tarakimu 48.

Kwa kawaida unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika laptopu ilipowashwa mara ya kwanza. Chukua simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti hiyo. Ukikuta funguo zaidi ya moja, linganisha herufi na namba za mwanzo za utambulisho zinazoonekana kwenye skrini ya laptopu.

Sasa swali gumu: akaunti ya nani? Hapa ndipo ninapoona watu wakilia. Mteja ananunua laptopu, kijana wa dukani anasema "ngoja nikuwashie," anaweka barua pepe yake mwenyewe ili amalize haraka, mteja anaondoka na furaha. Ufunguo umebaki kwa kijana. Kama ndivyo ilivyokuwa kwako, rudi dukani leo, kwa upole, mwombe aingie kwenye akaunti yake akusomee. Na kama akaunti hiyo haijulikani tena, nakuambia ukweli mchungu: hakuna fundi wa Mwanjelwa wala wa Kariakoo atakayeivunja. Atakayekuambia anaweza, anataka hela yako. Mashine itafutwa itumike tena, lakini hesabu zimekwenda.

Ukifanikiwa kuingia, usilale kabla ya kufanya mambo haya. Weka akaunti yako mwenyewe kuwa ndiyo ya msimamizi, ya kijana iondoe. Andika zile tarakimu 48 kwenye karatasi, ziweke panapokaa hati ya kiwanja. Kisha tengeneza akaunti ya pili, ya mtumiaji wa kawaida, ambayo kwenye skrini huitwa Standard, na hiyo ndiyo uitumie kila siku, wewe na mtu wako wa kaunta. Mtu akibofya kitu kinachotaka kujisakinisha, Windows itadai neno la siri la msimamizi, na msimamizi ni wewe. Ghala la mahindi unalifunga, na funguo hazishindi mlangoni. Hesabu nazo ziwe na nakala nje ya laptopu hiyo, kila Jumamosi jioni.

"Mwanafunzi wa Iyunga. Laptopu imeandika Activate Windows pembeni na imekataa nisibadilishe rangi. Jamaa wa hosteli ana programu ya kuifungua, ila anasema kwanza nizime antivairasi. Nizime?"

Hapana. Rudia sentensi yako taratibu: mtu anakuomba umfunge mbwa ili aingie kukusaidia.

Baadhi ya programu hizo hufanya zilichoahidi na kingine juu yake, na kwa kuwa umeziruhusu kwa mkono wako, hutajua hicho kingine ni nini. Kijana wangu, maandishi yale yanaudhi lakini hayaumi. Windows ambayo haijalipiwa inaendelea kupata masasisho ya usalama. Inachokunyima hasa ni mapambo. Hata hilo lina mwanya: fungua folda ya picha zako, bofya kulia picha unayoitaka, chagua iwe ya mandhari. Mara nyingi inakubali. Angalia pia chini ya laptopu kama kuna stika ya Windows, au muulize aliyekuuzia, kwa sababu laptopu nyingi za kampuni zilizouzwa kama mitumba zilikuja na leseni yao halali ndani ya ubao mama (bamba kuu la ndani, motherboard), na ukiweka upya toleo lilelile la Windows, inajitambua yenyewe.

"Katibu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, Mbozi. Flashi yetu ya mahesabu ya kahawa, kila folda imegeuka njia ya mkato. Tumepoteza?"

Inawezekana sana hamjapoteza. Kirusi hiki hakifuti, kinaficha. Kinayavalisha mafaili yenu alama ya kufichwa, kisha kinaweka mbele yake njia za mkato za uongo zenye majina yaleyale. Ukibofya moja, unakiwasha kirusi halafu kinakufungulia folda ya kweli ili usishtuke.

Kwa hiyo msibofye. Kwanza flashi ipigwe msasa na antivairasi iliyomo ndani ya Windows: bofya kulia herufi ya flashi, chagua kuskani. Halafu fungua Command Prompt, na kama flashi yenu ni E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, ngoja. Folda zenu zitajitokeza. Nakilini mafaili tu kwenda kwenye kompyuta, zile njia za mkato ziacheni, kisha fomati flashi.

Mlikipata wapi? Nadhani steshenari, kwenye kompyuta ya kuchapia ambayo kwa siku inapokea flashi za mji mzima. Iwepo flashi moja ndogo ya kwenda kuchapisha tu, yenye PDF ya siku hiyo na si kingine, na ya mahesabu isitoke ofisini. Halafu kwenye kompyuta yenu washeni kuonyesha viambishi vya mafaili, zile herufi za mwisho wa jina kama .pdf: fungua folda yoyote, View, Show, File name extensions, kwenye Windows 10 ni View tu, kisha weka alama. Mtaanza kuona kwamba "Malipo.pdf" fulani jina lake kamili ni "Malipo.pdf.exe". Hiyo si hati, ni programu.

"Naandika kwa niaba ya bibi, Tukuyu. Macho hayaoni vizuri na anapenda kusoma habari kwenye kompyuta yetu."

Mpe bibi salamu, mwambie ugonile. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Accessibility, Text size, sogeza hadi anaposema "hapo". Inafika asilimia 225. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Ease of Access. Ndani ya kivinjari shika Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha. Akitaka kukuza kitu kimoja tu, kitufe cha Windows pamoja na kujumlisha kinaleta kioo cha kukuzia. Cha Windows na Esc kinakiondoa. Jioni washa Night light, skrini inakuwa na rangi ya moto wa jikoni badala ya ule mweupe unaochoma. Na mtengenezee akaunti yake, ili wajukuu wakishusha maandishi yao, ya bibi yabaki makubwa.

"Njombe. Desktopu yangu kila umeme ukikatika inarudi mwaka 2012, na tovuti zote zinasema si salama. Ni virusi?"

Ni betri. Ndani ya boksi, kwenye ubao mama, kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme. Imekwisha. Tovuti zinakuja na vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini ni 2012 inaviona vyote kuwa vya baadaye, inavikataa. Usibofye "endelea hivyohivyo". Zima, chomoa waya ukutani, toa betri kwa ukucha, weka mpya upande ulioandikwa ukitazama juu, rekebisha saa. Betri ya zamani usiiache mezani kama kuna mtoto mdogo ndani. Akiimeza ni mbio za hospitali usiku huohuo.