Pesa za maumivu: haki ya majeruhi au kuuza thawabu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, Kisauni, nauza mahamri alfajiri. Mwaka jana matatu iliniparamia kando ya barabara, paja likavunjika, nikatiwa chuma, na sasa nachechemea. Wakili ataka kudai gharama za hospitali, pato nililokosa, na kifungu cha tatu: maumivu na mateso. Shemeji yangu, mtu wa darasa, asema hicho cha tatu ni haramu. Maumivu ni kadari, na mwenye kuyalipisha ameuza thawabu zake. Nikiache?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Allah akuponye. Kumbe mwaka mzima umelala na maumivu, na juu yake ukatwishwa hofu ya haramu! Usikiache. Ni haki yako.

Ikiwa kadari hufuta fidia, basi tuifute dia yote, yaani fidia ya damu na majeraha. Aliyeuawa kwa makosa naye amekufa kwa kadari, na bado Suratun Nisaa aya ya 92 imewajibisha dia. Kidole kimoja kimewekewa ngamia 10, na Mtume (s.a.w.) akasawazisha kidole cha mwisho na gumba. Ni nani aliyeambiwa ameuza thawabu za kidole chake? Ndiyo, hata mwiba humfutia Muislamu madhambi, lakini hadithi haikuweka sharti kwamba asidai. Thawabu zako ziko kwa Mola wako, deni lako liko kwa mwenye gari. Hayo ni madaftari mawili.

Huenda shemeji amesikia nusu ya azimio la 109 la Baraza la Kimataifa la Fiqhi, Riyadh, mwaka 2000, lililosema fidia haiingizi madhara ya kihisia. Azimio lile lahusu sharti la adhabu katika mikataba, kama fundi aliyechelewesha nyumba. Kumshushia nalo mama aliyevunjwa paja ni kusoma kichwa cha habari na kuiacha habari.

Imam Malik amepokea kwamba Sayyidna Umar alihukumu ngamia kwa mtulinga na ngamia kwa ubavu, mifupa ambayo kwa kawaida huunga. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema wazi kwamba jeraha likipona bila alama, mkosa hulipa fidia ya maumivu. Mwalimu wake alikataa. Kwetu Mashafii pia pana khilafu, yaani tofauti ya maulamaa, katika jeraha la namna hiyo. Lakini wewe wachechemea, mama! Khilafu hiyo haikufikii. Lako ni hukuma, yaani hakimu akadirie.

Ukihofia kwamba mlipaji ni bima ya gari, mkataba huo si wako. Wewe wapokea deni lako tu.

Haramu ninayoihofia ni nyingine: ripoti ya daktari iliyotiwa chumvi. Ukiletewa, ikatae. Wala usikawie, kwani Kenya kesi za namna hii zina miaka 3 tangu ajali.

Kusamehe ni bora, aya ya 40 ya Suratush Shura yasema hivyo, lakini msamaha ni wako, shemeji hawezi kukusamehea. Dereva akija kukuomba radhi, waweza kumsafishia moyo na dai likaendelea.

Muulize daktari kama chuma kitatolewa, umwambie wakili kabla hujatia sahihi mapatano yoyote, maana upasuaji huo nao una gharama. Na kama kusujudu kwakutonesha paja, uswali umekaa juu ya kiti.